MVUA BILA MTENDA: LUGHA YA MAJIRA NA MAZINGIRA KUTOKA PWANI HADI AWENDO

1. Utangulizi

Maneno ya majira ni miongoni mwa hazina za kale za Kiswahili. Kusi, kaskazi, masika, vuli, kipupwe, matlai na tanga mbili ni maneno ya watu walioishi kwa kuutazama upepo: wavuvi, manahodha, wafanyabiashara na wakulima wa mwambao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, hazina hiyo ilichukuliwa pamoja na sarufi, ikaingizwa katika kamusi na vitabu vya shule, na hatimaye ikafika bara. Makala haya yanaifuata hadi Awendo, mji wa miwa ulioko katika Kaunti ya Migori, nchini Kenya, kati ya Ziwa Victoria na milima ya Kisii.

Maswali yanayochunguzwa ni mawili. La kwanza ni kama maneno yaliyozaliwa na pepo za msimu za Bahari ya Hindi yanaweza kuieleza nchi ambayo mvua yake hutokana kwa sehemu kubwa na ziwa. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni jinsi Kiswahili kinavyomtaja, au kutomtaja, binadamu aliyeibadilisha nchi hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili cha mazingira kina mwelekeo wa kumficha mtenda mkubwa na kumwonyesha mtenda mdogo. Mwelekeo huo umejengeka katika uundaji wa istilahi. Aidha, kuna jambo linalofanana nao katika masimulizi ya mvua ya nchi ya Waluo, hasa yale aliyoyaandika Grace Ogot.

2. Majira ya pepo na majira ya ziwa

Katika mwambao, upepo ndio unaotawala mwaka. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Masika hunyesha pepo zinapogeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, na vuli hunyesha zinaporudi. Kwa hiyo mvua na upepo katika lugha ya pwani ni jozi. Msemaji anayesema masika amekwisha kusema, bila ya kutamka, kwamba kaskazi imekufa na vyombo vilivyokwenda Arabuni haviwezi tena kurudi kwa tanga lile lile. Neno linabeba hewa, bahari na biashara kwa pamoja.

Awendo hakuna jozi hiyo. Ni kweli kwamba pepo za msimu hufika huko na kwamba mvua kubwa za Machi hadi Mei zina asili moja na masika ya pwani, yaani kupita kwa ukanda wa mvua unaolifuata jua kuelekea kaskazini. Lakini Ziwa Victoria hujifanyia upepo wake. Mchana, nchi kavu inapopata joto, hewa yenye unyevu hutoka ziwani ikapanda kuelekea milima ya Kisii na Kericho, ikakutana na pepo za mashariki. Alasiri radi hulia, na mara nyingi mvua ya mawe huanguka. Usiku mambo hugeuka, na mvua ikanyesha juu ya ziwa lenyewe. Aidha, kuna siku ambapo pepo za mashariki hulegea na hewa ya majimaji kutoka bonde la Kongo ikaingia kwa upande wa magharibi, ikaleta mvua katika miezi ambayo mtu wa pwani angeitarajia kuwa ya kipupwe kikavu.

Dholuo, lugha ya wenyeji, inaugawanya mwaka kwa namna inayofuata kazi ya shamba zaidi ya mwelekeo wa upepo. Chwiri ni majira ya mvua ndefu na upanzi mkuu, yapata Machi hadi Juni. Opon ni majira ya mvua fupi ya nusu ya pili ya mwaka. Oro ni kiangazi, hasa mwanzoni mwa mwaka. Mwalimu anayefasiri chwiri kuwa masika na opon kuwa vuli hakosei sana, kwani tarehe zinakaribiana. Hata hivyo anachofasiri ni tarehe tu. Jembe lililomo katika chwiri linapotea, na tanga lililomo katika masika linabaki bila ya bahari. Mtoto wa Awendo hujifunza methali isemayo kwamba hapana masika yasiyo na mbu, naye huielewa vema, kwa kuwa mbu wapo kwake pia. Lakini anapoambiwa kwamba kusi na kaskazi ndizo zinazoleta majira, anaambiwa jambo asiloweza kulithibitisha kwa kutazama mawingu ya nchi yake, ambayo humjia kutoka ziwani.

Haisemwi hapa kwamba maneno ya pwani yaondolewe bara. Masika na vuli yamekwisha kuwa mali ya Wakenya na Watanzania wote, na watabiri wa hali ya hewa huyatumia kila mwaka. Linalohitajika ni kujua kwamba maneno hayo yanaleta pamoja nayo nadharia fulani ya mvua, yaani mvua kama kazi ya upepo, isiyo na mkono wa mtu. Kwa nahodha wa mtepe nadharia hiyo ilikuwa kweli kabisa. Kwa mkulima wa Awendo wa leo ni nusu ya kweli.

3. Miwa na kalenda

Kampuni ya Sukari ya South Nyanza ilianzishwa mwaka 1976, na kiwanda chake cha Awendo kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Kilichofuata ni badiliko la nchi ambalo halihitaji chombo cha kupimia ili lionekane. Mashamba ya mtama, wimbi na mahindi yalipokea miwa, katika shamba kuu la kampuni na katika vishamba vya wakulima wa mkataba. Vichaka vilifyekwa na barabara za matrekta zikachimbwa. Katika sehemu nyingine za Migori, hasa kuelekea Kuria, kilimo cha tumbaku kilienea tangu miaka ya 1970, na jani lake lilikaushwa kwa moto wa kuni.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo moja katika mabadiliko hayo lina uzito wa pekee. Muwa wa kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, kisha machipukizi yake huvunwa tena mara kadhaa. Muda huo unapita juu ya chwiri na opon bila ya kuyajali. Mkulima wa miwa hangoji oro ili avune. Hungoja zamu yake katika orodha ya kiwanda. Zamu ikichelewa, muwa hukauka na kupungua uzito, na mkulima hupata hasara hata kama mvua ilinyesha kwa wakati wake. Hivyo kalenda ya kiwanda imewekwa juu ya kalenda ya mvua, na maneno ya majira yamepunguziwa kazi. Maneno hayafi kwa siku moja, lakini neno linaloitwa mara chache kufanya kazi huanza kuzeeka. Anayeomboleza kupotea kwa msamiati wa kilimo katika lugha za Afrika hana budi kutazama mazao pamoja na shule.

4. Sarufi ya lawama

Inafaa sasa kutazama istilahi ambazo Kiswahili kinazitumia kueleza mabadiliko ya mazingira katika vitabu vya shule, mabango na hotuba. Zinagawanyika katika makundi mawili ambayo yanastahili kulinganishwa.

Kundi la kwanza ni la nomino kama mabadiliko, ongezeko, mmomonyoko, mporomoko na mafuriko. Zote zimetokana na vitenzi vya hali: badilika, ongezeka, momonyoka, poromoka, furika. Vitenzi hivi havina nafasi ya mtenda. Ukisema udongo umemomonyoka, sarufi haikudai umtaje aliyeumomonyoa. Hata katika kauli ya kutendwa mtu anaweza kuuliza: umemomonyolewa na nani? Katika kauli ya kutendeka swali hilo halina mahali pa kukaa. Kwa sababu hiyo, mabadiliko ya tabianchi, ongezeko la joto na mmomonyoko wa udongo ni maneno yanayoeleza matukio makubwa kana kwamba yanajitokea yenyewe. Neno tabianchi nalo linazidisha jambo hilo. Tabia, kwa Mswahili, ni jambo la ndani ya mtu, analolizaliwa nalo au analolizoea. Nchi iliyobadilika tabia ni kama kijana aliyeharibikiwa. Lawama ya kwanza humwangukia yeye mwenyewe.

Kundi la pili ni la nomino kama ukataji miti, uchomaji makaa na ufyekaji wa misitu. Hizi zimetokana na vitenzi vya kutenda, kata, choma, fyeka, na zina kiambishi -aji ambacho humtaja mtenda aliyeizoea kazi yake, kama katika mchezaji na msemaji. Asemaye uchomaji makaa amekwisha kumwona mchomaji: mtu mwenye shoka, tanuri la udongo na gunia. Mara nyingi neno ovyo huongezwa nyuma yake, na hukumu ikawa imetimia.

Yapo maneno yanayovuka mpaka huu. Uchafuzi wa mazingira umetokana na chafua, kitenzi cha kutenda, na aghalabu huelekezwa kwa viwanda. Upanuzi wa kilimo umetokana na panua. Maneno hayo yanaonyesha kwamba lugha ina uwezo wa kumtaja mtenda mkubwa inapotaka. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida, mgawanyiko unabaki wazi: mambo makubwa yanatukia, na mambo madogo yanatendwa. Bahari inapata joto, mvua inapungua, udongo unamomonyoka. Lakini mama wa kijijini anakata kuni.

Matokeo ya mgawanyiko huu si ya kinadharia. Mto Kuja, ambao huko juu katika nchi ya Abagusii huitwa Gucha, huteremka na kuungana na Mto Migori kabla ya kuingia ziwani katika Nyatike. Mara kwa mara hufurika huko chini na kuwahamisha watu. Taarifa husema mto umefurika. Neno hilo linayachanganya mambo mawili yenye asili mbalimbali. La kwanza ni mvua yenyewe, ambayo wingi wake katika mwaka fulani hutegemea sana hali ya Bahari ya Hindi. Mvua za mwisho wa mwaka 1961 ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya meta mbili kufikia mwaka 1964. Mvua za mwisho wa mwaka 2019, wakati upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipokuwa na joto lisilo la kawaida, ziliendelea hadi mwaka uliofuata, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limerudi katika kimo cha mwaka 1964. La pili ni ardhi inayoipokea mvua hiyo. Mteremko uliovuliwa miti huyaachilia maji upesi, na udongo huenda nayo.

Mkulima anayeambiwa kwamba mafuriko yameletwa na mabadiliko ya tabianchi, kisha akaambiwa papo hapo apande miti ili mvua irudi, amepewa sentensi mbili zisizokutana. Miti itamsaidia kuuzuia udongo wake na kuyatuliza maji. Hiyo ni kweli na inatosha kuwa sababu ya kuipanda. Lakini miti ya Awendo haiipozi Bahari ya Hindi, wala si moshi wa jiko la Awendo ulioipasha dunia joto. Sehemu kubwa kabisa ya gesi zilizofanya hivyo ilitoka katika viwanda, mitambo ya umeme na magari ya nchi zenye utajiri mkubwa zaidi. Lugha isiyotenganisha mambo haya humtwisha mkulima mzigo wa bahari juu ya mzigo wa shamba lake.

Huenda ikasemwa kwamba kauli ya kutendeka ni jambo la sarufi tu, na kwamba kila lugha ina njia yake ya kueleza tukio bila ya mtenda. Pingamizi hilo ni la haki. Kauli ya kutendeka ni moja ya nguzo za Kiswahili, na ina adabu yake: asemaye kikombe kimevunjika humwepushia mgeni aibu. Lakini adabu inayomfaa mgeni aliyevunja kikombe haiwezi kumfaa kila mwenye shoka na kila mwenye kiwanda kwa kiasi tofauti. Kosa haliko katika kauli yenyewe. Liko katika kuigawa kwa upendeleo.

5. Mvua na anayeilipia: hadithi za Grace Ogot

Grace Ogot (1930–2015) alizaliwa Asembo, ng'ambo ya Ghuba ya Winam ukitokea Homa Bay. Kazi zake si habari za Awendo, lakini zimejengwa juu ya masimulizi ambayo Waluo wa pande zote mbili za ghuba wanayamiliki kwa pamoja. Tatu kati yake zinahusu moja kwa moja uhusiano wa binadamu na mvua au ardhi.

Katika hadithi ya mvua iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder (1968), ukame umeishika nchi ya mtawala Labong'o. Mganga Ndithi anatoa habari ya ndoto: mhenga Podho anamtaka Oganda, binti wa pekee wa mtawala, atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Ukame ni wa wote, lakini malipo ni ya mmoja. Wahakiki wengi huisoma hadithi hii kama mgongano wa mapenzi na wajibu, kwa kuwa kijana Osinda ndiye anayemwokoa Oganda ukingoni mwa ziwa. Usomaji huo una haki yake, lakini unaupita mwisho wa hadithi kwa haraka. Oganda haliwi na zimwi, na mvua inanyesha. Inawezekana kusema kwamba safari yake tu ilitosha kuwa kafara. Inawezekana pia kusema kwamba mwandishi amekata kamba iliyofunga mvua na damu ya msichana: mvua ilikuwa njiani kwa sababu zake, na jamii ilikuwa karibu kumuua mtu bure. Ogot hasemi lipi ni sahihi. Kimya hicho ndicho nguvu ya hadithi, kwa maana kinamwachia msomaji swali ambalo jamii yenyewe haikuliuliza.

Miaha (1983), iliyoandikwa kwa Dholuo na kutafsiriwa kwa Kiingereza na mwanaisimu Okoth Okombo mwaka 1989, inasimulia habari ya jembe. Watu walipewa jembe lililojilimia lenyewe. Aliyelishika alitakiwa kuigusa ardhi kidogo tu, kisha aondoke. Nyawir, bibi harusi, analikiuka sharti hilo na kuendelea kulima kwa mikono yake. Tangu hapo watu wanatokwa na jasho. Hapa pia taabu ya wote inapewa chanzo katika tendo la mwanamke mmoja kijana. Hata hivyo tendo lake si uvivu wala uovu. Ni kufanya kazi. Ukilisoma pamoja na istilahi zilizotajwa hapo juu, jembe lile la ajabu linafanana na ardhi ya kauli ya kutendeka, inayolimika bila ya mlimaji. Nyawir ndiye anayekirudisha kitenzi kwenye kutenda, na kwa kosa hilo analaumiwa na vizazi vyote.

Riwaya ya The Promised Land (1966) inamhusu Ochola, anayeiacha nchi yake ya Nyanza akavuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi tele. Mkewe Nyapol hakutaka kwenda. Ardhi inapatikana, mavuno yanakuja, kisha uhasama wa jirani na ugonjwa vinamrudisha Ochola mikono mitupu. Hapa hakuna anayetolewa kafara, lakini mpango ni ule ule: uamuzi juu ya ardhi hufanywa na mmoja, na mwingine aliyeukataa huubeba pamoja naye.

Kazi hizi tatu zinafunua mtindo ambao mhakiki hawezi kuupuuza. Jamii inapopungukiwa na mvua au ardhi, humtafuta mtu wa karibu na mnyonge ili abebe sababu au gharama. Mabango ya leo yanayomwonyesha mwanamke mwenye mzigo wa kuni kama sura ya uharibifu wa misitu yanamrudisha Oganda ukingoni mwa ziwa, safari hii bila ya Osinda. Tofauti ni kwamba Ogot alimpa Oganda jina, hofu, wimbo na njia ya kurudi. Bango halimpi chochote isipokuwa lawama.

6. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, vitabu vya Kiswahili vinavyosomwa bara viyaeleze masika na vuli kwa asili yake ya pwani, kisha viyaweke kando yake majina ya majira ya lugha za wenyeji: chwiri, opon na oro katika nchi ya Waluo, na mengine kwingineko. Mwanafunzi ataona kwamba mvua moja ina historia zaidi ya moja, na Kiswahili kitapata msamiati wa kilimo ambacho lugha ya mabaharia haikuuhitaji.

Pili, watunga istilahi watenganishe badiliko la hewa lililoletwa na dunia nzima na badiliko la ardhi lililoletwa na mikono iliyo karibu. Maneno hali ya hewa, tabianchi na mazingira yasitumiwe kama visawe, kwa kuwa kila moja lina mtenda wake.

Tatu, mwandishi wa habari za mazingira ajaribu kila sentensi yake kwa kuigeuza iwe ya kutenda. Badala ya kuridhika na mmomonyoko umeongezeka katika bonde la Kuja, aulize: ni nani aliyeufyeka mteremko upi, mwaka gani, kwa faida ya nani? Pengine jibu litakuwa mkulima aliyehitaji kuni, pengine mnunuzi wa tumbaku, pengine kampuni, pengine serikali iliyopanga kilimo hicho. Mara nyingi litakuwa wote kwa viwango mbalimbali, na viwango hivyo ndivyo vinavyopaswa kuandikwa.

Dholuo kina kielelezo cha jambo hili katika historia ya siasa. Chama kilichoanzishwa Nyanza mwaka 1921 kupinga kodi na kazi za shuruti kilijulikana kwa watu kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Piny ni ardhi, ni nchi na ni watu wake pamoja, na katika maneno hayo mawili ni kiima cha kitenzi cha kutenda. Waliolitamka jina hilo walijua vema ni nani waliyekuwa wakimjibu. Kiswahili kina sarufi ya kutosha kusema vivyo hivyo juu ya mito, miwa na mvua za Awendo, mradi waandishi wake wakubali kumtaja kila mtenda kwa kiasi cha tendo lake.